Asiyebonyeza Chochote

Bwana Thuweni, siku ya kumi na moja leo sijakujibu.
Si bei. Bei tungeigombania tukaimaliza.
Nakuandikia nikiwa nyuma ya kaunta, Chake Chake,
vumbi la saruji limeingia mpaka ndani ya kalamu.

Ulipokuja uliziona simu zetu nne
zimefungwa kwa mpira kama fungu la mchicha,
kila moja na mtandao wake,
na ile ya waya, ya enzi za ujana wa baba,
ambayo sasa haipigwi ila na wanaokosea namba.
Ulicheka kidogo. Haki yako.
Ukauliza, "Nani anayejua ipi inalia?"
Biubwa akanyoosha mkono, macho yako kwenye risiti,
akaokota ya tatu.

Ukatandaza vitabu vyako juu ya katoni za misumari.
Mtambo wa kwanza: kisanduku cha ukutani, nyaya kila chumba,
fundi avuke kutoka Unguja kila kikiugua.
Wa pili hauna kisanduku, ukasema, uko mawinguni.
Baba akavua miwani: "Na masika je?"
Sikukucheka wewe, wallahi, nilimcheka yeye,
ingawa umeme ulipokatika saa ile ile
sote tulitazama juu.

Wa tatu ndio ulioupenda mwenyewe.
Namba moja, milango mitano.
Bonyeza moja, saruji.
Mbili, mabati.
Tatu, rangi na mabomba.
Nne, madeni (baba akasema huko hatapiga mtu).
Tano, usafirishaji.
Sauti ya kike iliyonyooshwa, haina kwao,
inayosema "tafadhali" kama anayepiga pasi.

Tukaujaribu wiki moja, bure, kama ulivyoahidi.
Sikatai: Jumatatu simu hazikugongana.
Jumanne nilifunga hesabu kabla ya adhana ya alasiri,
jambo ambalo halijatokea tangu nishike daftari hili.
Biubwa alikaa, akakunja mikono,
akafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
akapiga Kombo Shaame wa Pujini.
Saa hizo, zamani, simu nne hulala kwa Biubwa
chini ya mto.
Mtambo wako hauongopi, umeandika kila kitu:
alikaa kwenye laini dakika nne na sekunde tisa.
Hakubonyeza.
Alitaka viunza.
Mbao za kumfunikia mamaake kaburini,
na akasikiliza saruji, akasikiliza mabati,
rangi, madeni, usafirishaji,
kisha tena saruji,
akingoja itajwe yake.

Alikuja kwa baiskeli, jua limeshapanda.
Hakulalamika. Aliuliza tu,
"Yule dada mgeni, nimemkosea nini?"

Baba alizipima mbao kwa mkono, bei hakuandika.
Na Biubwa, ambaye miaka kumi na sita
akisikia mtu anavuta pumzi kabla ya salamu
hujua kama ni harusi, choo kimeziba, au msiba,
alitoka uani, akakaa huko.

Basi jibu letu, Bwana Thuweni:
tunauchukua. Ndiyo, huo huo wa tatu.
Mabati yanataka mtambo, sitaki kujidanganya.
Lakini lipo sharti, na uliandike kwenye mkataba
juu ya sahihi, si chini kwa herufi za sisimizi.
Usituongezee namba sita ya misiba;
hatutaki aliyefiwa atafutishwe kitufe.
Fanya hivi: anayenyamaza,
ambaye kidole hakimtii,
ambaye hajui yake iko mlango gani,
mhesabie mpaka tatu
kisha mpe Biubwa.

Na ile sauti ifute.
Tumerekodi yetu, jana, baada ya kufunga;
kwa nyuma anasikika jogoo wa jirani, na baba akikohoa.
Fundi wako atataka kuisafisha.
Mwambie aiache.

Malipo ya kwanza nimetuma leo.
Risiti uilete kwa karatasi.